Kabla ya kushika mkasi, tazama ua linatokea wapi

Mwaka mmoja niliipogoa haidrenjia yangu kama ninavyopogoa miwaridi: chini kabisa, bila huruma. Ikachipua majani mazito ya kupendeza, lakini ua hata moja sikuliona. Mmea haukuwa na ugonjwa wowote. Ni mimi niliyeyakata maua yakiwa bado yamejificha ndani ya macho ya matawi, yaani vitumba vidogo vinavyochipua. Tangu siku hiyo siulizi kwanza "nipogoe mwezi gani?" Nauliza mmea huu hutoa ua kwenye tawi lipi.

Hatua ya 1: Chagua kwa ukubwa wa baadaye

Mche ulio kwenye kopo hudanganya. Bogenvilia inayokufika gotini leo inaweza kupanda mita 5 na zaidi ikipata pa kuegemea. Ukiiweka chini ya dirisha, umejitafutia vita vya kila mwezi, tena na adui mwenye miiba. Ulizia kimo na upana wake ikishakomaa, kisha chora duara la upana huo ardhini kwa kijiti kabla ya kuchimba shimo. Kazi kubwa ya kupogoa ninayoiona kwenye bustani hutokana na mmea kupandwa mahali pasipoutosha.

Halafu jua. Miwaridi, lantana na lavenda hutaka jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6 kwa siku. Haidrenjia hupenda jua la asubuhi na kivuli mchana. Olianda ni nzuri na haina makuu, ila kila sehemu yake ni sumu. Penye watoto wadogo au mifugo mimi siipandi, na matawi yake hayachomwi moto, kwa kuwa hata moshi wake unadhuru.

Hatua ya 2: Ujue mmea wako ni wa kundi gani

Kuna vichaka vinavyochanua kwenye machipukizi ya msimu huuhuu: bogenvilia, hibiskasi, plumbago, lantana, na miwaridi mingi ya kisasa. Hivi vipogoe mmea unapokaribia kuamka, yaani baridi inapoishia au, penye joto mwaka mzima, kabla ya mvua kuanza. Ukikata sana, machipukizi mapya yatakuja na maua yake.

Vingine huchanua kutokana na matawi yaliyokua msimu uliopita: azalea, lailaki, forsithia, na haidrenjia ya majani mapana yenye vichwa vya mviringo. Hivi hupogolewa mara tu maua yanaponyauka. Ukichelewa, macho ya maua ya mwaka ujao yatakuwa yameshajitunga, na mkasi utayaondoa.

Hujui wako ni wa kundi gani? Usiupogoe msimu mmoja. Ukichanua, fuata kikonyo cha ua kwa kidole kwenda chini. Ukipita kwenye kijiti kirefu kibichi kilichoota juzi, ni kundi la kwanza. Ukifika upesi kwenye tawi gumu lenye gome, ni la pili.

Hatua ya 3: Andaa mkasi

Tumia mkasi ambao makali yake yanapishana. Ule wa kubana huponda tawi bichi. Unoe, na uufute kwa spiriti ya asilimia 70 unapohama kutoka mmea mmoja kwenda mwingine.

Hatua ya 4: Kata

Anza na matawi makavu, yenye ugonjwa, na yanayosuguana. Kisha rudi nyuma utazame. Mara nyingi kazi huwa imeshakaribia kuisha.

Kila unapokata, kata kama milimita 5 juu ya jicho linalotazama nje, ili tawi jipya lisielekee katikati ya kichaka. Ncha ya tawi hutengeneza homoni ya oksini inayoyalaza macho ya chini. Ukiiondoa, macho hayo huamka. Ndiyo maana kichaka kinachonyolewa juujuu kila mara hugeuka ufagio: majani nje, vijiti vitupu ndani. Kilichozeeka kikate theluthi ya mashina makongwe hadi karibu na ardhi kila mwaka, kwa miaka 3. Lavenda usiifanyie hivyo, maana ukikata hadi kwenye mti mtupu usio na majani kwa kawaida haichipui tena.

Kidonda usikipake rangi wala lami. Mmea hujizungushia kinga yake wenyewe kwa ndani, na rangi haiongezi kitu.

Hatua ya 5: Maua ya kudumu yasiyo na shina gumu kama la mti

Salvia na dalia ziondolee maua yaliyonyauka kabla hayajafunga mbegu, zitaendelea kuchanua. Agapantha haitakupa ua la pili kwa kukatwa, lakini utaizuia isijisambaze kwa mbegu. Kila miaka 3 hadi 5, ukiona shada limepata upara katikati, ling'oe, ligawe kwa jembe, tupa kiini kilichochoka na upande vipande vya pembeni.

Haidrenjia yangu bado ipo. Kwa kuwa kwangu kuna baridi kali, siipogoi mara tu maua yanaponyauka: nayaacha makavu kichwani hadi hatari ya baridi hiyo ipite, kisha nakata juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonenepa. Chini ya hapo siendi.