Somo: Jinsi ya kupima nyufa za ubavuni na uzee wa matairi ya trela la kusafiria

Kila mwaka majira ya baridi yanapokwisha Marekani na Kanada, matrela ya kusafiria hutolewa kwenye maegesho yalikolazwa, na wenyewe huyatazama matairi kwa jicho la haraka: meno yapo, upepo upo, basi safari ianze. Ndugu zetu wengi waishio huku hununua trela lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine, na muuzaji huwaonyesha meno hayo hayo kama ushahidi wa kutosha. Katika gari la kwendea kazini meno husema kweli, kwa sababu gari hilo hutembea kila siku na tairi lake huisha kwa kusuguliwa na lami. Trela la familia hutembea wiki chache kwa mwaka, na miezi iliyobaki husimama mahali pamoja juani likiwa limebeba uzito wake wote, kwa hiyo tairi lake huzeeka muda mrefu kabla halijawa kipara. Ninaomba somo hili lisomwe kabla ya safari ya kwanza ya mwaka, maana tairi la trela likipasuka katika barabara kuu hasara haiishii kwenye tairi: vipande vya mpira vinavyozunguka kwa kasi hupasua sakafu, hung'oa nyaya na mabomba ya maji, na katika matrela mengine hufikia hata bomba la gesi ya kupikia.

Mpira huliwa na mambo manne, nayo ni oksijeni, ozoni, mwanga wa jua na joto. Watengenezaji huchanganya ndani ya mpira nta na kemikali za kuuzuia usishambuliwe na ozoni, na vitu hivyo hujitokeza taratibu juu ya ubavu kila tairi linapojikunja na kujikunjua barabarani. Tairi lililosimama halijikunji, kwa hiyo kinga hiyo haitoki ya kutosha, na ubavu huanza kupasuka nyufa nyembamba. Hilo ndilo linaloonekana kwa nje. Kwa ndani, upepo ulioshindiliwa husukuma oksijeni kupita katika utando wa ndani hadi kwenye kingo za mikanda ya chuma iliyo chini ya meno, na mpira wa mahali hapo hukakamaa na kupoteza mvutano wake. Siku moja, katika joto la kiangazi, meno hubanduka yakiwa mazima. Hakuna ufa wa ubavuni unaokuonya juu ya jambo hilo, na ndiyo sababu ukaguzi wetu hauanzi na nyufa.

Hatua ya kwanza: soma tarehe

Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kutengenezwa: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3519 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu mwishoni mwa maandishi kamili, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na halina haja ya kukaguliwa zaidi, litolewe. Tatizo linalowachanganya wengi ni kwamba sheria ya Marekani inalazimisha maandishi kamili upande mmoja tu wa tairi, na upande huo mara nyingi ndio uliogeukia chini ya trela. Ingiza simu nyuma ya gurudumu na upige picha huku taa yake ikiwaka, kisha ikuze picha hiyo usome. Fanya hivyo kwa kila tairi, pamoja na la akiba, kwa sababu trela lililopitia mikono kadhaa huweza kuwa na matairi ya miaka tofauti, na la akiba huzeeka sawa na mengine hata kama halijawahi kugusa barabara.

Je, umri gani ni mwingi? Watengenezaji hawakubaliani kwa neno moja. Michelin, kwa mfano, hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata likionekana zima. Ninawasihi msiichukue miaka 10 kama ruhusa kwa tairi la trela, ambalo hufanya kazi karibu na kikomo cha uzito wake muda wote. Wauzaji wengi wa matairi ya matrela hutaja miaka 3 hadi 5, na msimamo wangu ni huu: kuanzia mwaka wa tatu kagua kwa makini, mwaka wa tano tenga fedha za kununua mengine, na baada ya mwaka wa sita usilivute trela barabara kuu kwa matairi hayo hata kama yanang'aa. Joto la unakoishi lihesabiwe pia. Taarifa ya mwaka 2007 ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilionyesha kuwa katika kampuni moja ya bima majimbo matano ya Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona yalikuwa na asilimia 27 ya wateja lakini asilimia 77 ya madai ya matairi, na asilimia 84 ya madai hayo yalihusu matairi yaliyozidi miaka 6.

Hatua ya pili: osha, angaza, sogeza

Osha ubavu kwa maji na sabuni laini, kwa sababu vumbi lililojaa ndani ya ufa huuficha, na rangi ya kung'arisha huuficha zaidi. Angaza tochi kwa mshazari, karibu na mpira, ili kila ufa utoe kivuli. Tazama sehemu iliyovimba kidogo karibu na ardhi, ambako uzito unaunyoosha mpira na kuzifunua nyufa, kisha usogeze trela nusu mzunguko wa gurudumu ili uone sehemu iliyokuwa imekanyagwa. Baada ya hapo lala chini uangalie ubavu wa ndani. Wengi huishia upande unaotazama jua, na huo kweli ndio huharibika zaidi kwa mwanga, lakini michubuko ya kukwaruzwa na mawe au chuma cha trela huonekana upande wa ndani peke yake.

Hatua ya tatu: pima kina na mahali

Hapa ndipo penye kazi ya kweli. Urefu wa ufa huwatisha watu, ilhali kinachoamua ni kina chake na mahali ulipo. Mwongozo wa Michelin kwa magari ya kusafiria na kuishi unaweka mipaka iliyo wazi: nyufa zisizofikia kina cha inchi 1/32, yaani karibu milimita 0.8, zinavumilika; zilizo kati ya inchi 1/32 na 2/32 zipelekwe kwa fundi wa matairi azikague; na zinazozidi inchi 2/32, yaani karibu milimita 1.6, zinamaanisha kubadilisha tairi mara moja. Kipimo cha kina cha meno chenye pini nyembamba hutosha pale ufa unapokuwa mpana; usichokonoe kwa kisu wala sindano, kwa kuwa utaurefusha ufa unaoupima. Ufa usioweza kuupima kwa sababu ni mwembamba kuliko pini, tumia ukucha: ukinasa waziwazi, mwite fundi.

Kuhusu mahali, nyufa ndogo zinazozunguka herufi zilizoinuka ubavuni ni za kawaida kwa tairi la makamo, kwani mpira hukazwa pembeni mwa maandishi. Ninazihofia zaidi nyufa zinazozunguka karibu na rimu, ambako ubavu hujikunja na kubanwa, zile zilizo begani ambako ubavu unakutana na meno, na zile zilizo chini kabisa ya mifereji kati ya meno. Nyuzi zikionekana, za kitambaa au za chuma, hakuna tena cha kupima: trela lisisogee hadi tairi hilo litolewe.

Hatua ya nne: tazama umbo

Kibonyeo chembamba kinachopanda kutoka rimu kuelekea meno kwa kawaida ni mahali ambapo tabaka za nyuzi zimepandana wakati wa kutengenezwa, nacho hakina madhara. Uvimbe ni kinyume chake: nyuzi za ndani zimekatika au tabaka zimeachana, na tairi halifai. Ili kuona meno yaliyoanza kuachana na mikanda, trela liwe limefungwa kwenye gari linalolivuta, magurudumu ya upande wa pili yatiwe kabari, na jeki iwekwe pale mtengenezaji wa trela alipoelekeza, ambapo mara nyingi ni kwenye fremu wala si kwenye ekseli. Usiingie chini ya trela lililoinuliwa kwa jeki. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono ukiangalia meno kwa mbele. Yakiyumba kama nyoka au yakiinuka mahali pamoja, tairi limekwisha hata kama lina mwaka mmoja.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya jua na kabla ya safari, na katika matairi yenye alama ST, yaliyotengenezwa mahususi kwa matrela, ujazwe kufikia kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, isipokuwa kibandiko cha trela kikielekeza vingine.

Maswali ya wanachama

Kutoka Phoenix: "Mwalimu, matairi yangu yana miaka saba na hayana ufa hata mmoja, maana trela hukaa chini ya kivuli. Bado niyatupe?"

Ndugu yangu, kivuli kimeulinda ubavu dhidi ya jua, lakini hakikuizuia oksijeni kupenya kutoka ndani, na joto la Arizona huharakisha kazi hiyo hata kivulini. Kwa miaka saba mahali ulipo, ningeyabadilisha yote kabla ya safari ijayo.

Kutoka Houston: "Kuna dawa ya kuziba nyufa au mafuta ya kurudisha ulaini wa mpira?"

Hakuna, dada. Gundi au rangi itazifunika nyufa usizione zinapoongezeka, na vipodozi vingi vyenye asili ya petroli huondoa ile nta ya kinga na kuuzeesha mpira zaidi. Maji na sabuni laini vinatosha.

Kutoka Columbus, Ohio: "Trela langu lina ekseli mbili. Tairi moja lilipasuka, nikaweka la akiba na kuendelea. Je, la jirani yake liko salama?"

Lichukulie kuwa si salama hadi ithibitike. Kuanzia moja lilipopasuka mpaka uliposimama, la jirani lilibeba uzito uliopaswa kubebwa na mawili, na uharibifu huo huwa ndani. Mpe fundi alitoe kwenye rimu alikague pande zote mbili; likiwa limezidi miaka mitatu, mimi ningebadilisha yote mawili pamoja.

Kutoka Minneapolis: "Dukani nimeuziwa matairi mapya yenye tarehe ya mwaka mmoja na nusu nyuma. Niyakatae?"

Miezi michache ghalani bila upepo wala jua haina neno, lakini mwaka mmoja na nusu ni sehemu kubwa ya maisha ya tairi ambalo utalitoa likifika miaka mitano au sita. Omba yenye tarehe ya karibu, ukiisoma kabla hayajafungwa kwenye rimu. Na vali zibadilishwe siku hiyo hiyo. Vali za kawaida za mpira huvumilia psi 65 tu (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), kwa hiyo tairi la kundi E la uwezo wa kubeba mzigo, linalojazwa psi 80, lipewe vali za chuma au za mpira zilizotengenezwa kwa shinikizo hilo.

Kutoka Toronto: "Wakati wa baridi trela hukaa miezi sita. Nifanye nini ili nyufa zisizidi?"

Baba, osha matairi, yajaze upepo kamili, na yaweke juu ya mbao pana kuliko tairi lenyewe ili yasikae juu ya udongo wenye unyevu au mafuta yaliyomwagika. Kama jeki za trela zinaruhusu kupunguza uzito juu ya matairi bila kuipinda fremu, punguza. Yafunike kwa vifuniko vyeupe. Ikiwa trela liko bandani, usiliegeshe karibu na mashine za kuchomelea wala mota za umeme zinazofanya kazi mara kwa mara, kwa sababu cheche zake hutoa ozoni, na ukipata fursa katikati ya msimu lisogeze kidogo ili sehemu ile ile ya ubavu isibaki imekunjwa miezi yote sita.