Mrushaji wa kriketi, masika haya anza na kiuno

Masika yakishika Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, viwanja hulowa na kriketi hulala. Warushaji wengi wa kasi hulala nayo, na wachache wenye bidii hupiga sitapu mia kila asubuhi. Sitapu hukunja mgongo kwenda mbele, lakini kinachomuumiza mrushaji ni kingine. Mguu wa mbele unapotua, ardhi humrudishia nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na papo hapo kiwiliwili kimepinda nyuma, kimelalia ubavu na kinajisokota. Anayerusha kwa mkono wa kulia hubeba mzigo huo upande wa kushoto wa pingili za chini za mgongo. Ufa wa mfupa huanzia hapo. Pat Cummins wa Australia alicheza Test (mechi ya mataifa ya hadi siku tano) yake ya kwanza Novemba 2011 akiwa na miaka 18; ya pili aliisubiri hadi Machi 2017, na mgongo ulikuwa sababu kubwa.

Kwa hiyo tunafundisha misuli ya tumbo na kiuno kuzuia mwili usipinde ovyo. Mpango ni wa wiki 12. Jimu si lazima: tafuta dumu la maji la lita 20, tyubu kuukuu ya baiskeli, nguzo imara na mwenzako mmoja.

Hatua ya 1: Wiki ya 1 na 2, weka mpira chini

Usirushe kabisa. Ogelea, endesha baiskeli, tembea. Jipime mara moja: kaa planki ya ubavu (mwili umenyooka kwa ubavu, umeegemea kiwiko na miguu tu), kulia kisha kushoto, hadi kiuno kianze kushuka, uandike sekunde. Kama pande zimepishana sana, upande dhaifu ndio utakaoanza katika kila zoezi.

Hatua ya 2: Wiki ya 3 hadi ya 6, jenga kiwiliwili

Fanya siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati.

Anza chali. Nyoosha mikono juu, inua miguu magoti yakiwa nyuzi 90. Shusha polepole mkono wa kulia na mguu wa kushoto hadi vikaribie sakafu, rudisha, badilisha. Mara 8 kila upande, seti 3. Mgongo wa chini usiachie sakafu. Ukiachia, hiyo haihesabiwi hata kama ulikuwa unaelekea ya nane.

Fuata na planki ya ubavu, sekunde 20 mara tatu kila upande, ukiongeza sekunde 5 kila wiki. Kichwa, nyonga na visigino vikae mstari mmoja. Mwenzako akutazame kwa nyuma, kwa sababu wewe mwenyewe utadhani umenyooka.

Kisha tyubu. Ifunge kwenye nguzo kwa urefu wa kifua, simama ubavu kwa nguzo, shika ncha kwa mikono miwili kifuani, usukume mbele hadi mikono inyooke. Tyubu itataka kukugeuza. Kataa, hesabu tatu, rudisha. Mara 10 kila upande, seti 3. Kama ungeniruhusu zoezi moja tu kwa mrushaji, ningechagua hili.

Malizia na dumu. Libebe kwa mkono mmoja, tembea mita 20, ambazo ni karibu urefu wa pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, kisha badilisha mkono. Safari 4 kila mkono. Anza na lita 10. Ukijiona umeinama kama mnazi wa ufukweni, mwaga maji kidogo.

Hatua ya 3: Miguu, siku hizohizo

Kiuno imara juu ya makalio malegevu hakikufikishi mbali. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga kwa mguu mmoja, mara 10 kila mguu. Halafu piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, ujiangushe mbele polepole kadiri misuli ya nyuma ya paja inavyohimili. Mara 5, seti 2 zinatosha. Kesho yake utajua kwa nini.

Hatua ya 4: Mbio

Kukimbia kilomita 10 hakumfundishi mtu kuiba mkimbio, yaani pointi ya kukimbia kutoka mstari mmoja wa pichi hadi wa pili. Kutoka mstari hadi mstari ni mita 17.68. Kimbia na gongo la kupigia mpira mkononi, geuka ukiwa umejishusha, rudi, geuka tena: mikimbio mitatu, pumzika dakika mbili, rudia mara 6. Mara mbili kwa wiki, na wapigaji msijifiche hapa.

Hatua ya 5: Wiki ya 7 hadi ya 12, rudi kurusha kwa hesabu

Vijana wengi huharibikiwa hapa. Mvua inakata, neti za mazoezi zinafunguliwa, na mtu anarusha ova 10 (ova moja ni mipira sita) siku ya kwanza kwa sababu mwili unajisikia mwepesi. Misuli imeshakuwa tayari, lakini mfupa huzoea mzigo taratibu kuliko misuli.

Wiki ya 7 rusha siku tatu, mipira 24 kila siku, kwa nusu ya kasi na hatua chache za mbio. Jumla ni 72. Kila wiki ongeza mipira 12, na kasi kamili isubiri wiki ya 10. Wiki ya 12 utakuwa na mipira 132, yaani ova 22. Usirushe siku mbili mfululizo, na kila mpira wa neti uandikwe, hata ule wa kumsaidia rafiki kupiga. Mazoezi ya hatua ya 2 yaendelee mara mbili kwa wiki, na yasitangulie kurusha siku hiyo.

Maumivu ya misuli ya pande zote mbili hupita baada ya siku mbili tatu. Maumivu ya upande mmoja wa mgongo wa chini, ulio kinyume na mkono unaorushia, yanayochoma ukisimama kwa mguu mmoja na kupinda nyuma, ni habari nyingine: acha kurusha siku hiyohiyo uende hospitali. Mwambie daktari kwamba wewe ni mrushaji na unarushia mkono gani, kwa kuwa eksirei ya kawaida inaweza isionyeshe ufa mchanga, na huenda ukahitaji kipimo cha MRI.