Kioo cha kamera ya rivasi kwa gemu ya mkononi: kitoe kwenye volti 12 kije 5

Wazee wa Mbeya mnaojitengenezea gemu za mkononi kwa Raspberry Pi Zero (ile kompyuta ndogo ya bodi moja), vile vioo (skrini) vya inchi 4.3 vya kamera ya rivasi vinafaa sana, pitia kwa mafundi redio pale Mwanjelwa unaweza kupata yuzd. Shida vinataka volti 12 za gari, wewe una betri ya litiamu ya 3.7, sasa upandishe mpaka 12 halafu bodi ishushe tena, si unakula chaji bure?

Fungua kava taratibu, fleksi (ule utepe mwembamba wa nyaya) ya kioo ikichanika ndo basi tena. Fuata waya mwekundu wa umeme mpaka kwenye aisii (chipu nyeusi) ya miguu minane yenye koili pembeni, hiyo ndo inashusha umeme. Kabla hujagusa kitu washa kwa volti 12 upime na mita ule upande wa koili ulio mbali na aisii. Ikisoma 5 poa, ikisoma 3.3 usithubutu kuweka 5, utaunguza. Mi hapa napima mara mbili, mwezi wa saba mikono inatetemeka kwa baridi hata mita huiamini.

Ikiwa ni 5 zima, ng'oa aisii, chomea waya wa volti 5 palepale ulipopimia, negativu kwa negativu. Waya wa picha unaenda pale palipoandikwa TV kwenye Pi, na kwenye config.txt (faili la mipangilio ya Pi) andika sdtv_mode=2, hiyo ni PAL, mfumo wa picha wa TV.