Jinsi ya Kumshukuru Fundi wa Upinde Aliye Mkweli

Fundi wa pinde mkweli hukosa wateja kwa sababu ya ukweli wake. Mteja anafika Kisesa au Buhongwa, pembezoni mwa jiji la Mwanza, akitaka upinde ndani ya wiki moja, fundi anamwambia mti haujakauka, na mteja anakwenda kununua kwa mwingine aliye tayari kuuza leo leo. Kwa hiyo shukrani inayomfaa ni ile inayomrudishia kile ambacho ukweli umemgharimu: mteja anayelipa bila kusumbua, anayeeleza kazi yake kwa vipimo, na anayewaandaa wateja wengine kusubiri. Maneno "asante, upinde mzuri" hayamsaidii, kwa kuwa hata aliyeuziwa mti mbichi huyasema siku ya kwanza.

Pima kwanza, sifu baadaye

Unahitaji tepu, daftari na mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, kama zile za kupimia samaki Mwaloni Kirumba.

Anza na mwili wako. Nyosha mikono yote miwili kando, pima toka ncha ya kidole kirefu cha kulia hadi cha kushoto, kisha gawanya kwa 2.5. Mtu mwenye sm 170 anapata sm 68, karibu inchi 27. Huo ndio mvuto wako. Nguvu ya upinde kwa kawaida hutajwa kwa ratili (pauni) ukiwa umevutwa inchi 28, toka kwenye kamba hadi upande wa nje wa mshiko. Ukivuta inchi 27, upinde wa ratili 40 utakupa pungufu ya ratili mbili au tatu. Lawama nyingi dhidi ya mafundi huzaliwa hapa, na fundi hana kosa lolote.

Kupima nguvu kunataka watu wawili. Funga mizani kwenye boriti, tundika kamba ya upinde kwenye ndoano katikati kabisa, halafu vuta mshiko kuelekea chini polepole. Mwenzako ashike kijiti chenye alama ya inchi 28 na asome mizani alama inapofika. Ratili 40 ni kilo 18 na kidogo. Soma, achia taratibu, basi. Usiushikilie upinde ukiwa umevutwa huku mkibishana kuhusu namba, mti unachoka. Kwa kazi ya mkono, tofauti ya ratili mbili juu au chini ni uaminifu mtupu. Fundi mzuri pia atakuambia mapema kwamba upinde mpya hushuka kidogo baada ya mishale mia mbili au tatu ya mwanzo.

Kisha tazama mkunjo. Mwombe mtu auvute upinde akiwa mbele ya ukuta wa matofali, nawe piga picha ukiwa umesimama sawa na mshiko. Mistari ya matofali itakuonyesha kama mikono ya upinde, yaani nusu ya juu na nusu ya chini ya mshiko, inapinda kwa usawa. Mkono wa chini kuwa mgumu kidogo kuliko wa juu ni jambo la kawaida, wengi hufanya hivyo makusudi kwa ajili ya wapigaji wanaoweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini. Usichotaka kuona ni sehemu moja fupi inayokunjika peke yake huku jirani zake zimenyooka. Mzigo wote unaangukia hapo, na hapo ndipo upinde utakapovunjikia.

Mwisho, toa kamba na uegemeze upinde kwenye ubao ulionyooka. Upinde wa mti mmoja hubaki umejikunja kidogo baada ya kutumika. Sm 2 hadi 4 si kitu. Ukizidi sm 5 ndani ya siku chache, ama mti ulikuwa na maji, ama mkono ulichongwa mwembamba kupita kiasi. Geuza upande wa ndani, ule unaokutazama unapovuta, uuangalie jua likiwa la pembeni. Vijistari vyembamba vinavyokatiza mti kwa upana maana yake nyuzi zimeanza kubonyea. Upande wa nje, tafuta kibanzi kinachotaka kuinuka, hasa mahali ambapo nyuzi za mti zimekatwa badala ya kufuatwa.

Andika vyote daftarini pamoja na tarehe. Rudia baada ya mishale mia tatu. Vipimo hivyo viwili, cha mwanzo na cha baadaye, ndivyo vitakavyoipa sifa yako uzito.

Mambo ya kusifu

Sifa iende kwenye yale ambayo fundi angeweza kukuficha usijue.

La kwanza ni ukaushaji. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei, huchelewesha mti kukauka, na hewa ya ziwani huurudishia unyevu hata ukiwa chini ya paa. Fundi makini hupaka rangi au nta kwenye ncha za mti ili usipasuke, huuweka kivulini penye upepo, na huupima kila baada ya siku kadhaa mpaka uzito uache kushuka. Akikuambia "njoo Julai", amekulinda.

La pili ni kasoro alizokuonyesha kabla hujalipa. Fundo dogo lililoachiwa mti wa kutosha pembeni yake si tatizo. Ufa uliojazwa gundi na vumbi la mbao, kisha ukafunikwa kwa ngozi ya mshiko, ni tatizo kubwa. Kwa hiyo fundi aliyekuita uuone upinde kabla ya kuufunga ngozi anastahili kutajwa kwa hilo moja kwa moja.

La tatu ni kamba. Uzi wa nailoni wa nyavu umejaa kila duka la vifaa vya uvuvi Mwanza, ni wa bei nafuu na una nguvu, lakini unanyumbuka. Kamba ikinyumbuka, nafasi kati yake na mshiko hupungua na mshale hupoteza mwendo. Fundi aliyekupa kamba ya polista iliyosokotwa na kupakwa nta ya nyuki, ilhali angeweza kukupa nailoni nawe usingejua, amekufanyia hisani inayofaa kuandikwa.

Namna ya kuandika

Mwombe ruhusa kabla ya kutaja jina lake, namba yake au kuweka picha ya karakana. Kisha andika kwa ufupi na kwa vipimo, mfano hivi:

"Niliagiza upinde wa mkole wa ratili 40 kwa inchi 28. Fundi aliniomba nisubiri miezi miwili kwa kuwa mti ulikuwa na unyevu. Nilipoupima ulikuwa ratili 41. Baada ya mishale 300 ni 39. Umejikunja sm 3. Una fundo moja mkono wa chini, alinionyesha kabla ya malipo, na halijabadilika. Nafasi ya kamba ni sm 15. Wabeja sana, mzee." ("Wabeja" ni asante kwa Kisukuma.)

Taja na lisilokuridhisha kama lipo: mshiko mnene, kamba iliyochakaa upesi. Sifa isiyo na doa lolote haiaminiki, na fundi anahitaji kujua cha kurekebisha. Mpe nakala ya karatasi pia, maana mafundi wengi wazee huonyesha wageni karatasi kwa urahisi kuliko simu.

Malipo na zawadi

Maliza deni siku ya kuchukua. Kuomba punguzo baada ya kazi kuisha, kwa hoja kwamba utamletea wateja, kunaifuta shukrani yote. Ukitaka kuongeza kitu, peleka anachokitumia: nta safi ya nyuki, msasa wa namba 120 na 220, tupa mpya ya mbao, au mizani kama hana. Muulize kwanza anachopungukiwa.

Ukimpelekea mteja, mwambie mteja huyo bei halisi, muda wa kusubiri na mvuto wake mwenyewe kabla hajafunga safari. Mwambie pia kwamba kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kwamba upinde huhesabiwa kuwa silaha ndani ya hifadhi. Asiukatishe hifadhi ya Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Vikundi vya ngoma, vijana wa shabaha na watu wa makumbusho ndio wateja wasiomletea fundi matatizo.

Upinde ukivunjika

Hapa ndipo heshima yako kwa fundi hupimwa hasa. Kabla ya kumlaumu, jiulize kwa haki: je, kamba iliwahi kuachiwa bila mshale? Nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale hurudi kwenye mti, na mara moja inatosha kuupasua. Mishale ilikuwa myepesi mno? Upinde wa ratili 40 unataka mshale wa gramu 26 au zaidi. Ulivutwa kupita inchi mlizokubaliana, na mtu mrefu aliyekuja kuujaribu? Ulilala umefungwa kamba, au ulishinda ndani ya gari juani?

Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, mwambie fundi hivyo na lipia upinde mwingine. Kama ni hapana kwa yote, mpelekee vipande vyote bila kuvigundisha, pamoja na daftari lako. Mahali ulipovunjikia patamwonyesha kama nyuzi zilikatwa, kama kulikuwa na fundo ndani au kama mkono ulizidiwa. Mpe nafasi ya kutengeneza mwingine kabla hujazungumza na mtu wa tatu, na akikubadilishia, liongeze hilo kwenye maandishi yako ya mwanzo, chini ya vipimo, pamoja na tarehe.