Datsun 240Z uliyonunua juzi: kuweka sawa kabureta zake mbili katika hewa ya Nairobi

Vitabu vya kurekebisha 240Z vinatoa vipimo vya gari linalotembea karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Ukifuata kitabu neno kwa neno, mchanganyiko utakuwa na mafuta mengi kupita kiasi: plagi zitakuwa nyeusi, ekzosi itanuka petroli, na gari litakuwa zito kwenye mlima. Hapo ndipo mtu huambiwa injini imekufa. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Linaiweza nchi hii vizuri. Kinachohitajika ni marekebisho ya hapa, yafanywe kwa mpangilio, na kabureta iguswe mwisho.

Hatua ya 1: namba na karatasi

Namba ya chasisi imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha dereva. Kwa gari la usukani wa kulia inaanza na HS30. Ilingane na logbook herufi kwa herufi. Namba ya injini iko upande wa kulia wa bloku, kuelekea nyuma, nayo ianze na L24, yaani injini ya asili ya gari hili. Ukikuta L26 au L28, injini hizo huingia bila taabu, lakini logbook lazima iseme hivyo. Uhamisho wa umiliki unafanywa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen.

Hatua ya 2: oili, hosi, breki, matairi

Badilisha hosi zote za petroli. Nunua zilizoandikwa R9 ubavuni. Hosi isiyo na maandishi iache dukani hata kama muuzaji wa Kirinyaga Road anaapa. Oili iwe 20W-50 yenye zinki ya kutosha, kwa sababu kwenye injini hii kamshafti husuguana na roka moja kwa moja. Lita 5 zinatosha. Weka mafuta mapya ya breki, DOT 4. Kwenye matairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni, yaani wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi la zamani hukauka na kupasuka hata kama meno yake bado ni marefu.

Hatua ya 3: pima kompresheni

Pasha injini moto, toa plagi zote sita, chomoa waya wa koili, kanyaga mafuta mpaka chini, kisha zungusha stata mpaka sindano ya geji iache kupanda. Injini ambayo ingesoma psi 175 ikiwa Mombasa itasoma kama 145 hapa, na ni nzima kabisa. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi asilimia 10. Silinda dhaifu imiminie kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi ya kichwa. Usiendelee na hatua nyingine kabla hujatibu hilo.

Hatua ya 4: tapeti

Hapa unapima pengo kati ya kamshafti na roka. Injini ikiwa baridi: valvu ya kuingiza 0.20 mm, ya ekzosi 0.25 mm. Ikiwa moto: 0.25 na 0.30. Spana namba 14 na 17.

Hatua ya 5: moto wa plagi

Pengo la pointi liwe 0.5 mm, la plagi 0.8 mm. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, distributa ikizunguka kinyume cha saa.

Kabla ya kuiamini alama iliyo kwenye puli ya krankshafti, ihakikishe. Puli hiyo ina pete ya nje iliyoshikwa kwa mpira, na mpira ukizeeka pete huteleza, alama ikahama. Toa plagi ya silinda ya kwanza, tumbukiza kijiti cha plastiki, uzungushe injini kwa spana mpaka kijiti kifike juu kabisa. Alama isiposoma sifuri hapo, chora mpya.

Chomoa hosi ya vakyumu ya distributa, izibe, halafu pima kwa taa ya taimingi injini ikiwa zaidi ya mizunguko 3,000. Pwani ningeishia digrii 32 kabla ya pistoni kufika juu. Nairobi inavumilia 34, kwa sababu hewa nyepesi huungua polepole zaidi na shinikizo ndani ya silinda ni dogo. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye mabati unapopanda kilima kwa gia ya nne, rudisha digrii mbili.

Hatua ya 6: kabureta

Hapa ndipo saa huisha, na karibu kila mara ni kwa sababu mtu ameanza na skrubu. Skrubu ni za mwisho.

Anza na hewa inayoingia kwa wizi. Shika mkono wa ekseli ya kipepeo cha kila kabureta, uutikise juu na chini. Ukicheza waziwazi, vumbi limeshakula bushi, na hutapata mzunguko uliotulia hata ufanye nini. Peleka kwa fundi wa kukereza vyuma akaweke bushi mpya. Kisha washa injini unyunyize maji kidogo kwenye maungio ya manifoldi na kwenye hosi ya busta ya breki. Mlio ukibadilika, hapo panavuja. Wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta. Siipendi kabisa kwenye injini hii: ekzosi iko chini ya kabureta upande uleule, na dawa hiyo inawaka.

Pili, boya. Toa kifuniko cha chemba, kigeuze juu chini, upime nafasi kati ya kifuniko na mkono wa chuma wa boya pale vali ya sindano inapofunga tu: 14 mm. Biti ya drili ya milimita 14 ndiyo geji bora. Boya likiwa juu, petroli hupanda kwenye nozeli na utakimbizana na mafuta mengi bila kuyapata.

Tatu, pistoni zilizo ndani ya kabureta. Zioshe kwa petroli na kitambaa, bila msasa. Pistoni na kikombe chake ni jozi; usichanganye za mbele na za nyuma. Ukiinua pistoni kwa kidole, ukitoa kwanza kifimbo cha oili cha juu, ianguke hadi chini kwa mlio mkavu wa “tik”. Ikinata, tafuta uchafu au sindano iliyopinda. Kwenye kifimbo weka oili ya gia otomatiki. Ukiweka 20W-50, pistoni itachelewa kupanda na gari litachelewa kuitika.

Nne, na hili ndilo hudanganya mafundi wazuri: choki. Kwenye kabureta hizi choki huvuta nozeli chini ili mafuta yaongezeke. Waya ukikwama, au nozeli ikinata kwenye ala yake, nozeli hubaki imeshuka milimita moja hata choki ikiwa imefungwa. Unageuza nati ya mchanganyiko, injini haijibu, unageuza tena, unaharibu kila kitu. Vua waya wa choki kabisa wakati wa kurekebisha. Sukuma kila nozeli juu kwa kidole na uhakikishe inagusa nati. Ukirudisha waya, acha ulegevu kidogo.

Sasa nati. Ipandishe mpaka mwisho kwenye kabureta zote mbili. Kitabu kinasema ushushe mizunguko 2.5, hapa anza na 2. Kushusha huongeza mafuta, kupandisha hupunguza.

Legeza skrubu ya usawazishaji iliyo kwenye mkono wa kuunganisha kabureta ili isiguse kitu. Injini ikiwa moto, weka sinkromita, kifaa cha kupima hewa inayovutwa, kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, ukigeuza skrubu za mzunguko mpaka zivute hewa sawa kwa mizunguko 800 hivi. Nunua sinkromita halisi. Kusikiliza kwa mpira wa maji hakutoshi kwa silinda sita. Kisha pandisha injini hadi 1,500 na utumie skrubu ya usawazishaji kuzilinganisha tena.

Inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ukishuka na injini ikataka kuzima, ni machache. Ukipanda kidogo tu kisha ukatulia, acha. Geuza kwa robo mzunguko, kabureta zote mbili kwa kiasi kilekile, na kila ukigusa nati rudia sinkromita, kwa sababu moja huvuruga nyingine. Geji ya vakyumu iliyounganishwa kwenye manifoldi ikisoma inchi 13 hadi 15 za zebaki na sindano imetulia, umefika. Usitafute 19 ya kitabu. Katika hewa hii haipo.

Na usizitupe kabureta hizi ili ufunge kabureta tatu za Weber. Kabureta hizi hujirekebisha zenyewe kiasi fulani hewa inapobadilika. Weber zingekudai jeti tofauti kwa kila mwinuko. Kichujio cha hewa kibaki pia, vumbi la hapa halina huruma.

Hatua ya 7: barabarani

Endesha Southern Bypass kwa mwendo thabiti, zima injini, usogee pembeni mahali salama, ukague plagi. Rangi ya kahawia hafifu inatosha; kwa petroli isiyo na risasi zitaonekana nyeupe kidogo kuliko picha za vitabu vya zamani. Kisha panda Limuru, ambako mchanganyiko utaongezeka mafuta kidogo, na hilo ni la kawaida.

Maji hapa huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kiwe kipya, cha 0.9 kg/cm². Kama gari linazimika kwenye msongamano wa Waiyaki Way na kuwaka tena likipoa, petroli inachemka kabla ya kufika kwenye kabureta. Rudisha bati la kuzuia joto chini ya kabureta, na bomba la petroli lisiguse injini.

Safari ya Mombasa inahitaji maandalizi. Shusha nati robo mzunguko, rudisha taimingi digrii mbili, na ujaribu kwanza kwa kuteremka hadi Magadi, ambako ni karibu mita 600 tu. Andika vipimo vya Nairobi na vya Pwani kwenye kipande cha tepu, ukibandike ndani ya boneti.