Safari ya siku kadhaa milimani kwenye theluji: panga kwa saa, si kwa kilomita

Anayepanga safari ya theluji kwa kilomita alizozoea wakati wa kiangazi atasimamisha hema gizani siku ya kwanza kabisa. Njia inayokwisha kwa saa nne ardhi ikiwa kavu inaweza kula siku nzima theluji laini ikifika magotini, hata kwa mwenye skii au viatu vya theluji, zile fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili mguu usizame. Anza kwa kujua una saa ngapi za kutembea kila siku. Kilele utakichagua baadaye.

Hesabu ya muda

Kanuni inayotumika sana ni ya Werner Munter, kiongozi wa wapanda milima kutoka Uswisi. Chukua kilomita za njia, ongeza mita za kupanda ulizozigawanya kwa 100, kisha jumla uigawanye kwa 4. Kilomita 8 zenye kupanda mita 600 ni 8 + 6, yaani 14. Gawanya kwa 4, unapata saa tatu na nusu.

Hesabu hiyo ni ya mtu mwenye begi jepesi anayefuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Ukibeba kilo 18 na kufungua njia mwenyewe, gawanya kwa 3. Theluji ikiwa nzito au ya kuzama, kwa 2. Njia ileile sasa ni karibu saa tano, au saba. Wakati wa kushuka, mwenye viatu vya theluji agawanye kwa 6 na mwenye skii kwa 10, ingawa kwa begi zito na miguu iliyochoka hiyo 10 ni matumaini tu. Kufungua njia kunamaliza nguvu haraka, kwa hiyo wa mbele akae dakika 10 hadi 15, ajitenge pembeni, wenzake wampite, naye ashike mkia. Asisubiri mpaka aanze kutweta.

Sasa linganisha na mwanga ulio nao. Kwenye latitudo ya 47 kaskazini, mwishoni mwa Desemba jua liko juu ya upeo saa 8 na nusu hivi. Mwishoni mwa Machi linapita saa 12. Kwa safari ya kwanza katika nchi za kaskazini, Machi ni chaguo bora kwa sababu hiyo peke yake. Toa saa mbili za asubuhi za kuyeyusha theluji na kufungasha. Sehemu ya kazi hiyo unaweza kuifanya gizani kwa tochi ya kichwani, lakini hema lisimame kabla ya jua kuzama. Zinazobaki kwa kutembea ni saa 5 au 6. Andikeni saa ya kugeuka, tuseme saa saba mchana, na ikifika mgeuke hata kama kilele kinaonekana.

Njia na maporomoko ya theluji

Mabamba mengi ya theluji, yaani matabaka yaliyoshikamana yanayoteleza kwa pamoja, hukatika kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Mwinuko huo unapimika mezani kabla hujatoka nyumbani. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000, weka rula kati ya mistari minene ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, inayopishana kwa mita 100 za kimo. Nafasi ikiwa chini ya milimita 7, mteremko unapita nyuzi 30. Ikiwa milimita 5, uko karibu nyuzi 39, katikati kabisa ya eneo baya. Paka rangi sehemu zote za namna hiyo, kisha angalia kilicho chini yake, maana wanaotembea bondeni kwenye ardhi tambarare hufukiwa na theluji iliyoanza mamia ya mita juu yao. Mstari wa njia yako usipite kwenye rangi hiyo wala chini yake.

Taarifa ya hatari ya maporomoko hutolewa kwa ngazi 5. Ngazi ya 3 ndiyo inayodanganya watu: mchana unakuwa mzuri, jua linawaka, na theluji haionyeshi kitu. Kwa kundi lisilo na uzoefu, ngazi ya 3 maana yake ni kubaki chini ya nyuzi 30 na mbali na miteremko mikali iliyo juu. Ngazi ya 4 na ya 5, ahirisheni. Soma pia maelezo yake, si namba tu, kwa kuwa yanataja upande wa mlima na kimo chenye shida.

Tatizo la safari ndefu ni kwamba taarifa ya siku ya kuondoka huwa imechakaa ifikapo siku ya tatu. Hapo macho na masikio ndiyo taarifa. Ukiona poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wako, ukisikia theluji ikishuka kwa mshindo mzito chini ya miguu, au ukiona nyufa zikikimbia mbele ya skii, toka kwenye miteremko mikali siku hiyo. Sentimita 30 za theluji mpya ndani ya saa 24 ni onyo tosha. Upepo nao usiudharau: unaweza kurundika bamba nene upande uliokingwa hata bila kunyesha. Kwa hiyo kila siku iwe na njia mbili kwenye ramani, ya kwanza na ya akiba, na ya akiba iwe salama katika hali mbaya.

Kila mtu awe na transiva, kifaa cha redio kinachovaliwa mwilini na kurusha mawimbi ya kilohezi 457, fimbo ya kudungia theluji ili kumpata aliyefukiwa, yenye urefu wa sentimita 240 au zaidi, na beleshi la alumini. La plastiki huvunjika kwenye theluji ya poromoko, ambayo hushikamana ikawa ngumu. Simu ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye transiva inayorusha, na sentimita 50 wakati wa kutafuta. Fanyeni mazoezi kabla ya safari, kwa sababu uwezekano wa kumtoa aliyefukiwa akiwa hai huporomoka baada ya dakika 10 hadi 15.

Maji na moto

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Mtu mmoja anahitaji lita 3 hadi 4 kwa siku, na theluji mpya ya lita 10 inaweza kutoa lita moja tu. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunahitaji kilojuli 334. Kuyapeleka maji hayo kutoka nyuzi 0 hadi kuchemka kunahitaji 419. Yaani kabla maji hayajaanza hata kupata uvuguvugu, umeshatumia karibu nusu ya moto.

Mitungi midogo ya gesi huwaangusha watu kwenye baridi. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, isobutani karibu na 12 chini ya sifuri, propani 42 chini. Kwenye mtungi wenye mchanganyiko wa gesi hizo, propani ndiyo inayotangulia kwisha, na unabaki na mtungi unaocheza kioevu ndani lakini hauwaki. Jiko la pampu linalotumia mafuta ya petroli safi ya majiko ni la kuaminika zaidi. Weka mililita 150 hadi 200 kwa mtu kwa siku, na siku moja ya ziada. Beba mpira wa akiba wa pampu.

Usijaze sufuria theluji kavu ukawasha moto. Ya chini inayeyuka na kunywewa na ya juu, sufuria inaungua na maji yananuka moshi. Acha vidole viwili vya maji tangu usiku, yapashe, kisha ongeza theluji kidogo kidogo huku ukifunika. Chini ya jiko weka kipande cha mbao, la sivyo litazama polepole na kupinduka. Msipike ndani ya hema lililofungwa: kaboni monoksidi haina harufu.

Chupa ziwe za mdomo mpana, zilale kifudifudi, kwa kuwa barafu huanzia juu. Mirija ya kunywea huganda, iacheni nyumbani.

Kulala

Kanyageni eneo la hema mkiwa bado na skii au viatu vya theluji, kisha liacheni nusu saa ligande. Mkiharakisha, kila goti litachimba shimo litakaloganda vilevile hadi asubuhi. Vigingi vya kawaida vya hema havishiki kwenye theluji. Badala yake jaza theluji kwenye mifuko midogo, ifunge kamba za hema, ifukie na kuikanyaga.

Baridi ya chini inauma kuliko ya hewani. Tandika magodoro mawili, la povu chini na la hewa juu, kinga yake ya joto kwa jumla, inayoandikwa kwa herufi R, isipungue 5 au 6. Kwenye mfuko wa kulalia fuata kiwango cha starehe. Kile cha ukomo ni kipimo cha kustahimili. Ndani ya mfuko ingiza betri, glavu za kesho, sehemu ya ndani ya buti na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri.

Mavazi, chakula, matengenezo

Ondoka kambini ukihisi baridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto, baada ya nusu saa jasho limelowesha kila kitu, na kwenye mapumziko linakugeuka. Sufu au nguo za nyuzi za viwandani, pamba hapana. Glavu jozi tatu. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hufanya nyuzi 10 chini ya sifuri ziume kama 21 chini, hivyo nguo ya kuzuia upepo iwe juu kabisa ya begi. Miwani ya jua ya kategoria 3 au 4 ni lazima hata kukiwa na mawingu.

Chakula kikavu gramu 800 hadi 1,000 kwa mtu kwa siku, kinachotoa kilokalori 3,500 hadi 5,000. Vya njiani vikatwe vipande vidogo kabla ya kuondoka, kwani chokoleti na jibini zilizoganda hazitafuniki.

Matengenezo yasiyo na mbadala ni ya vifungo vinavyoshika buti kwenye skii: skrubu za akiba, bisibisi inayozilingana, waya laini, tepu ngumu na mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya. Ngozi za kupandia, zile tepe zinazogandishwa chini ya skii ili zisiteleze nyuma, zikiloa au kupoa sana, gundi yake hukataa kushika. Kwenye mapumziko zitie ndani ya jaketi.

Kundi la watu wanne linatosha: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanatafuta msaada pamoja. Mnapoondoka, mwachieni mtu mmoja nakala ya njia zote mbili za kila siku, majina, rangi ya hema, namba ya kifaa chenu cha setilaiti, siku ya kurudi, na saa kamili ambayo, kama hamjampigia, ataita waokoaji bila kusubiri zaidi.