Kuoanisha baji wa maonyesho: anza na jike

Babu yangu alifuga njiwa Kibokoni, Mombasa. Akitaka kuunga jozi hakuanza na dume hata siku moja, hata awe mzuri vipi. Alimshika jike, akampuliza manyoya ya kifuani aone nyama yake, akamchungulia macho, akamrudisha. Hapo ndipo alipotafuta dume wa kumfaa. Mimi nafuga baji huku Leicester, Uingereza, na naona wafugaji wapya, wengi wao wa kwetu, wakifanya kinyume: wananunua dume mmoja mkubwa kwa pesa nyingi, kisha wanampa jike yeyote aliyepo. Mwongozo huu nawaandikia wao.

Kwa asiyewajua, baji ni kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wale wa kijani au buluu wenye michirizi myeusi mgongoni. John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840. Wa porini ana urefu wa sentimita 18 hivi. Wa maonyesho, yaani wanaoshindanishwa kwa umbo, kwa kipimo cha Budgerigar Society, chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1925, anatakiwa afike sentimita 21.6 kutoka utosini hadi ncha ya mkia. Awe na kichwa kipana kilichoinuka, mabega mapana, mwili unaopungua taratibu kuelekea mkiani. Chini ya mdomo pawe na eneo pana la rangi moja, mimi naliita barakoa, lenye madoa sita meusi ya mviringo. Mawili ya pembeni hufunikwa kidogo na viraka vya mashavuni. Iweke picha hiyo kichwani, maana kila uamuzi utaupima kwayo.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe ukirudi nyuma

Kinda wa maonyesho huvalishwa pete isiyofunguka, yenye mwaka wake, akiwa na siku 5 hadi 8, vidole vikiwa bado laini. Ukichelewa haipiti. Huku kwetu pete za mwaka mpya huanza kuvalishwa tarehe 1 Januari, na kinda wa mapema ndiye atakayekuwa amekomaa zaidi maonyesho yakifika. Basi hesabu: anayevaa pete 1 Januari akiwa na siku 7 alitotolewa 25 Desemba. Yai hulaliwa siku 18, kwa hiyo lilitagwa 7 Desemba. Tangu jike akutane na dume hadi yai la kwanza ni siku kama 10. Jozi zangu zinakutana 27 Novemba.

Wakati huo huku giza linaingia saa kumi jioni, kwa hiyo kuanzia Oktoba naongeza taa polepole, dakika chache kila siku, hadi wapate mwanga wa saa 14 hivi. Aliye Mombasa au Dar es Salaam hana shida ya taa. Yeye akwepe miezi ya joto kali, makinda wasije wakapikika ndani ya sanduku la kutagia.

Hatua ya 2: Mshike jike

Juu ya mdomo, palipo na matundu ya pua, pana kinyama laini. Kwa jike aliye tayari kinakuwa cha kahawia iliyokolea, mara nyingi kimekunjamana. Kikiwa cheupe au samawati iliyopauka, huyo bado, hata kama kalenda yako inasema Novemba. Tabia nayo inasema: anatafuna kila ubao anaoufikia, anachungulia kila pembe, hatulii. Dume aliye tayari ana kinyama cha buluu inayong'aa, anagonga kijiti kwa mdomo, anawalisha wenzake, anaimba asubuhi hadi jioni. Wale wa njano tupu au weupe wenye macho mekundu usiwapime kwa buluu. Kinyama cha dume wao hubaki cha waridi au zambarau maisha yake yote.

Mkononi jike awe mzito na imara. Mfupa wa kifua usikukate kidole kama kisu, wala usiwe umezama kwenye mafuta. Puliza manyoya ya chini ya tumbo utazame tundu la haja: pakavu na pasafi. Tazama mdomo na miguu. Ukiona ukoko wa kijivu wenye vitundu kama sifongo, huo ni utitiri, tibu kwanza na msimu umsubiri. Kwa umri, jike simwingizi kabla ya miezi 11, na akipita miaka mitatu namtazama kwa makini. Dume anaweza kuzalisha hadi miaka minne au mitano. Jike aliyewahi kukwama na yai simrudishi sandukuni, hata awe mshindi wa banda zima.

Hatua ya 3: Andika kasoro zake, kisha tafuta dume

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo ninapokaa jioni nyingi za Oktoba na daftari mapajani. Mweke jike peke yake kwenye kizimba kidogo cha maonyesho, mwache atulie robo saa, kisha andika. Usiandike "mzuri". Andika anachokosa.

Nina jike wa kijivu ninayempenda sana. Mabega yake mapana, na kwenye kijiti anasimama wima inavyotakiwa, ameinama nyuzi 30 tu kutoka wima. Lakini madoa yake ya kooni ni madogo kama punje za ufuta, na ukimsogeza karibu na taa unaona vitone vyeusi utosini, kama mtu amemnyunyizia wino. Vitone hivyo nakwambia ni kasoro inayoganda kwenye ukoo. Ukiiruhusu mwaka mmoja utaifukuza miaka mitano. Dume wangu mkubwa kuliko wote naye ana vitone, vitatu tu, vidogo. Nilimwacha. Nikamchukua dume mwembamba kidogo mwenye utosi msafi kabisa, barakoa ndefu, na madoa makubwa kuliko pilipili manga. Jike atatoa mabega, yeye atatoa uso.

Kanuni ninayoishika ni kwamba kasoro moja isikutane na yenyewe. Wala kasoro haitibiwi kwa kasoro ya upande wa pili. Jike mwenye shingo iliyominywa usimpe dume mwenye shingo iliyojaa kupita kiasi ukitumaini watoto watatoka katikati. Mpe dume mwenye shingo iliyo sawa.

Kuna jambo la manyoya pia, na wengi hawalitazami. Kuna baji wenye manyoya marefu, mapana, yanayowafanya waonekane wakubwa, na wapo wenye manyoya mafupi yaliyobana mwili, rangi yao inang'aa zaidi. Mwaka wangu wa pili niliunga jozi ya ndege wawili wakubwa wenye manyoya marefu, nikaona tayari nimeshapata bingwa. Jike alitaga mizao miwili, mayai kumi na mawili, yote viza. Siku hizi mrefu wa manyoya nampa mwenzake wa manyoya mafupi kila ninapoona ukoo umeanza kulegea. Najua ukubwa wa makinda utapungua kidogo mwaka huo, lakini nitakuwa na makinda.

Kila jike muandikie madume wawili, wa kwanza na wa akiba.

Hatua ya 4: Rangi ije baada ya umbo

Kijani hufunika buluu. Kijani anaweza kubeba buluu bila kuionyesha, akiwekwa na buluu utapata makinda wa rangi zote mbili. Baadhi ya rangi, kama opalaini (mwenye michirizi hafifu mgongoni) na sinamoni (mwenye michirizi ya kahawia badala ya myeusi), hupitia kromosomu za jinsia, na kwa ndege jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, kinyume cha binadamu. Kwa hiyo dume opalaini ukimpa jike wa kawaida asiye opalaini, makinda wote majike watakuwa opalaini, na madume wote wataonekana wa kawaida huku wameibeba ndani. Unajua nani jike angali sandukuni. Ni jambo tamu, lakini lisikufanye umwache dume bora kwa sababu ya rangi. Wenye kishungi usiwaunge wao kwa wao.

Hatua ya 5: Fungua kitabu cha ukoo

Soma namba za pete. Babu na mjukuu, mjomba na mpwa, hata ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali, hao huungwa na wafugaji wengi ili sifa ikae kwenye ukoo. Kaka na dada wa tumbo moja mimi siungi. Tazama pia ndugu wa kila ndege. Dume wa wastani ambaye ndugu zake wote wanne ni wazuri namtanguliza mbele ya nyota aliyetoka kwenye familia ya ndege dhaifu, kwa sababu makinda watafanana na ukoo.

Hatua ya 6: Wakutanishe

Siku mbili kabla, mshike kila ndege, na kwa mkasi mdogo kata manyoya yanayozunguka tundu la haja, kwa jike na kwa dume. Baji wa maonyesho ana manyoya mengi mno pale. Yasipokatwa mbegu hazifiki. Usiguse manyoya marefu ya mkia.

Kila jozi iwe na kizimba chake. Ukiwachanganya huwezi kujua baba ni nani, na majike hupigana hadi kuuana kwa ajili ya sanduku. Sanduku liwe na ubao wa chini uliochimbwa kama kibakuli, na maranda safi kidogo. Weka nafaka, maji, yai la kuchemsha lililosagwa na karoti, na mfupa wa dome, ule mweupe unaookotwa ufukweni, kwa ajili ya maganda ya mayai. Mimi humwingiza jike kwanza, alizoee sanduku, dume namleta asubuhi ya pili yake.

Hatua ya 7: Mulika mayai

Mayai hutagwa siku moja, siku nyingine yanarukwa, na huwa manne hadi sita. Yai likishalaliwa siku 7, lipitishie tochi ndogo kwa chini. Lenye kinda lina mishipa myekundu iliyotandaa kama buibui. Lisilo na kitu linapitisha mwanga wote, manjano tupu. Andika kwenye kadi ya kizimba. Yakiwa matupu yote, usiyatoe siku hiyo hiyo, jike ataanza kutaga upya kwa haraka na kujichosha. Muache ayalalie hadi muda wake uishe, kisha toa sanduku, mpumzishe wiki mbili mbali na dume, umlishe vizuri. Kinyama chake kikibaki kahawia, mpe yule dume wa akiba uliyemwandika Oktoba.